Gasketi ya Mwezi Ujao

Gasketi ya hedi haifi. Inauawa. Mimi niliua tatu kwenye gari moja, la mama mmoja, ndani ya muda usiofika mwaka, na kila mara nililaumu kiwanda. Kwa hiyo vijana mlio na grisi kwenye kucha, na nyinyi wengine mnaojua kuwasha na kuzima tu, msidhani mzee amekuja kujisifu. Nimekuja kuungama. Na naungama kwa furaha kabisa, maana nilichojifunza kwenye gari lile kinanisisimua hadi leo, ijapokuwa spana zangu zimeanza kuota kutu.

Tuelewane kwanza, asiachwe mtu nyuma. Injini ina bloku chini, na juu yake inavalishwa kofia ya chuma inayoitwa hedi. Kati yao ndipo inalala gasketi, kitu chembamba hata usiamini kinafanya kazi yoyote. Upande mmoja wake moto unalipuka. Upande mwingine maji yanapita, na pembeni kuna oili. Gasketi ndiyo inayoamua kila mtu akae kwake. Ikiungua, maji yanaingia kwenye oili, moshi unaingia kwenye maji, na dereva anasimama kando ya barabara akitazama mvuke.

Sasa ongeza turbo hapo. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili ishindilie hewa zaidi ndani ya injini. Hewa nyingi, nguvu nyingi, na joto jingi. Injini ya kawaida ukiikosea inakuvumilia hata miaka miwili. Ya turbo inakuaibisha wiki ijayo, mbele ya watu. Mimi nilizipenda tangu siku ya kwanza nilipozisikia zikipiga mluzi kupanda mlima, miaka ile ya tisini magari yaliyotumika Japani yalipoanza kujaa Machakos.

Kazi nilifundishwa na Mzee Musau, aliyekuwa na gereji nyuma ya soko na cheti cha ufundi ndani ya fremu ya kioo, kimetundikwa juu kabisa ili oili isikifikie. Mimi cheti sina. Siku ya mtihani nilibishana na msimamizi juu ya saizi ya spana, nikamwachia spana yake na mtihani wake, nikaenda nyumbani. Nilikuwa na hasira za karibu. Mke wangu anasema ningali nazo.

Mzee Musau alinifundisha mambo mazuri sana. Alinifundisha kukaza bolti za hedi kuanzia katikati kwenda nje, kwa raundi tatu, kila raundi nguvu ikiongezeka. "Wewe hujaona mtu akisukuma chapati?" aliniuliza. "Anaanza katikati. Ukianza pembeni, inavimba kati." Alinifundisha kukausha matundu ya bolti kwa kitambaa, maana tone moja la oili chini ya tundu litafanya bolti ikuambie imekaza na haijakaza. Alinifundisha kulaza rula ya chuma juu ya hedi na kutafuta mwanga chini yake. Ukiona mwanga, hedi imejipinda, na hedi iliyojipinda hata ukiipa gasketi ya dhahabu utarudi pale pale.

Lakini alinifundisha jambo lingine pia.

Kwenye njia ya maji ya injini kuna kidude cha shaba, saizi ya yai hivi, kinaitwa thamostati. Maji yakiwa baridi kinajifunga. Yakipata moto kinajifungua, maji yanaenda kwenye rejeta kupoa. Mzee Musau alikuwa akikitoa katika kila gari lililoingia gerejini. "Hii kitu ni ya watu wa barafu," alisema. "Huku Ukambani jua ni kali. Toa, maji yatembee." Nami nikatoa. Nilipofungua gereji yangu niliendelea kutoa, bila hata mtu kuniomba, kama zawadi kwa mteja. Na kwa kuwa nilikuwa na majivuno, kila niliyotoa niliitunga kwenye waya, na waya nikautundika ukutani kwa msumari. Wawindaji hutundika pembe, mimi nilitundika thamostati. Zilikuwa nyingi jamani, ukutani zinameremeta!

Ndipo akaja Mama Mwende wa Kola.

Alikuwa mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na alikuwa amenunua stesheni wagoni ya dizeli yenye turbo. Alitoa viti vya nyuma, akajaza mitungi ya maziwa. Kila asubuhi alikusanya maziwa ya majirani zake, akayaleta kwa shule moja ya bweni hapa mjini. Shule ilitaka maziwa yafike kabla ya chai ya saa nne. Majirani wote wale walimtegemea yeye, na yeye alilitegemea gari. Aliliendesha kama amechelewa kuzaliwa.

Alikuja mara ya kwanza kwa sababu ya oili tu. Injini ilikuwa nzima, tamu, haina neno. Nikamwaga oili, nikaweka nyingine, na kwa ukarimu wangu nikatoa thamostati. Akalalamika kwamba mlimani, mitungi ikijaa, gari linavuta kidogo. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Turbo ina kijiti kinachoamua ishindilie hewa kiasi gani. Nilikikaza mizunguko kadhaa. Loo, alivyoondoka pale! Alipiga honi hadi barabara kubwa.

Miezi miwili baadaye gasketi ikaungua. Nikafungua, nikapiga msasa hedi kwa mkono, nikarudisha bolti zile zile za zamani. Hizo bolti zikishakazwa mara moja zinavutika, na nyingine hazirudi tena urefu wake, lakini nani alikuwa na muda? Gari likaondoka, gasketi ya pili ikaungua.

Safari hiyo nilifanya kila kitu kwa adabu. Nilipeleka hedi Nairobi ikasawazishwa kwa mashine. Nilinunua bolti mpya. Niliazima torki, ile spana inayopima nguvu ya mkono wako, nikakaza kutoka katikati huku nimezuia pumzi. Nikamwambia Mama Mwende, "Hii hata ukipanda nayo mbinguni."

Haikufika hata Krismasi.

Asubuhi hiyo ya gasketi ya tatu sitaisahau. Alivutwa na trekta hadi gerejini, mitungi imo ndani, na maziwa yalikuwa yamekatika. Jua la mwaka ule lilikuwa la kiangazi kibaya, mvua za Novemba zilikuwa zimekataa kabisa. Hakunipigia kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinieleza kwa upole kwamba shule imemwambia, siku nyingine moja ya kuchelewa, maziwa atapewa mtu mwingine alete. Kisha akaweka gasketi mbili mpya juu ya meza yangu, kila moja kwenye karatasi yake ya nailoni.

"Hii ni ya leo," alisema. "Na hii ingine weka tu hapo. Ni ya mwezi ujao."

Kila mtu gerejini alicheka. Mimi sikucheka. Iliniingia hadi kwenye mifupa, maana alikuwa ananiambia ukweli.

Pale pale alikuwepo Haji Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyekuja kupaka grisi lori lake. Lori lile lilikuwa na turbo na lilikuwa limetoka kaskazini kwenye jangwa, limepakia mbuzi, mara nyingi kuliko nywele za kichwa changu. Alikuwa anazunguka zunguka akisubiri, mikono nyuma, hadi akafika kwenye waya wangu. Akasimama. Akazigusa moja moja kama mtu anayehesabu tasbihi.

"Fundi," akasema, "hizi ni nini? Umekata magari ya watu masikio?"

Nikamweleza kwa ujuzi mwingi mambo ya barafu na jua la Ukambani. Akanisikiliza hadi mwisho, mtu wa heshima sana.

"Wallahi fundi, mimi naomba kuuliza tu. Huku kwenu na kule kwetu, wapi kuna joto zaidi?"

"Kwenu, Haji."

"Basi gari yangu iko na hiyo kitu ndani. Miaka yote. Na sijawahi kufungua hedi."

 Vijana, mnajua ile hali mtu anapouliza swali dogo, na ukuta mzima uliojenga unatikisika? Haji hakuwa fundi. Alikuwa na akili tu, na lori ambalo lisingemsamehe jangwani. Akasema tuchemshe moja tuone.

Tukaazima sufuria ya mama wa chai wa jirani. Nikachagua thamostati ya Mama Mwende, niliijua kwa kuwa ndiyo ilikuwa mpya kuliko zote, nikaifunga uzi na kuitumbukiza. Tukainama watatu juu ya sufuria, mimi, Haji na Mama Mwende. Maji yakaanza kufuka mvuke. Kimya. Yakaanza kutoa vipovu. Kimya bado. Halafu, taratibu kabisa, kidude kikafunguka kama jicho!

Lakini si kufunguka huko kulikonifanya nipige yowe. Niliona chini yake kuna kisahani. Kadiri juu kulivyofunguka, kisahani kile kilishuka chini. Nilikimbia kwenye hedi ya gari, nikatazama pale kinapokaa, nikaona tundu la pili ambalo kwa miaka yote nilikuwa nikilitazama bila kuliona. Ndani ya injini hii maji yana njia mbili. Moja ndefu, inakwenda kwenye rejeta kupoa. Nyingine fupi, inarudi ndani ya injini moja kwa moja. Thamostati ikifungua ile ndefu, kisahani kinaziba ile fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na maji, kama mtoto aliyetumwa dukani, mengi yanaishia njiani. Yanazunguka ndani kwa ndani yakizidi kupata moto, na rejeta inangoja wageni ambao hawafiki.

Nilikuwa nimetoa kile kitu ili gari lipoe, na kukitoa ndiko kulikolichemsha. Nilicheka, nikaruka, nikamshika Haji mabega. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea. Kisha nikageuka, nikamwona Mama Mwende ananitazama.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

Furaha yote ikanishuka miguuni.

"Ni mimi, mwaitu," nikamjibu. Mwaitu ni mama yangu kwa Kikamba, na siku hiyo nililisema kwa maana yake yote. "Hata ile nguvu ya turbo nilikuongezea bila kuuliza injini kama itaweza. Ni mimi."

 "Basi tengeneza," akasema.

Kuuliza si ujinga, na siku hiyo niliuliza kila kitu ndani ya gari lile. Thamostati niliirudisha mahali pake. Nililegeza kijiti cha turbo hadi kwenye alama ya kiwanda. Niliipima hedi tena kwa rula. Rejeta niliipeleka kwa fundi wa rejeta, akaifungua juu, tukaona vijitundu vyake vimejaa utando mweupe, ule ule unaouona ndani ya birika la chai la nyumba inayotumia maji ya chumvi. Tangu mvua zikatae, Mama Mwende alikuwa anaongeza maji ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Mnayajua maji hayo ya kwetu. Sabuni haitoi povu. Ng'ombe anakunywa akikunja uso. Ndani ya injini yanaacha chumvi kila mahali, na yanakula ukingo wa gasketi polepole. Fundi wa rejeta akachokoa tundu moja moja kwa waya hadi mwanga ukapita.

Hapo nikamwambia Mama Mwende neno gumu kuliko yote. Injini ilihitaji dawa ya maji, kulanti, ichanganywe na maji yasiyo na chumvi. Maji ya mvua. Na Ukambani nzima mwaka ule, nani alikuwa na maji ya mvua?

Yeye alikuwa nayo. Chini kabisa ya tangi lake, chini ya kufuli. Alikuja kesho yake asubuhi na jerikani moja, mdomo wake umefungwa nailoni chini ya kifuniko.

"Haya wajukuu wangu wanapimiwa kwa kikombe," akasema. "Kyalo, usinimwagie."

Sijawahi kufunga hedi kama nilivyoifunga hiyo. Kila tundu la bolti nililikausha mara mbili. Nilikaza kutoka katikati, raundi tatu, nikipumzika kati ya raundi. Kila mpira wa maji niliufunga kwa klipu mpya. Sehemu moja tu ikivuja, yale maji yangeisha ardhini, na wajukuu wale wangekunywa nini? Niliinua pua ya gari juu ya mawe ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini, hewa itoke yote. Hewa ikibaki ndani ya hedi ni adui mkubwa, maana pale ilipo hakuna maji, na pasipo maji chuma kinaungua. Nilifungua hita ya ndani, na hiyo msisahau kamwe, kwa kuwa hewa hupenda kujificha huko. Kisha nikamimina kwa kikombe, pole pole, injini ikinguruma chini chini, vipovu vikitoka kimoja kimoja.

Nilishika mpira wa juu wa rejeta. Baridi. Nikangoja. Baridi bado. Mama Mwende akaweka mkono wake kando ya wangu, Haji naye, aliyekuwa amerudi kuona mwisho wake. Ghafla mpira ukawa moto! Yaani ghafla, mara moja, chini ya viganja vyetu! Kidude kilikuwa kimefunguka na maji yanakwenda kule yanakotakiwa kwenda. Tulishangilia kama timu imefunga bao. Hata tone halikumwagika.

Tulijaza mitungi ya maziwa maji ya kisima, kwa ajili ya uzito, nikaketi kando ya Mama Mwende, tukaenda mlimani saa nane mchana, jua likiwa juu ya vichwa. Mimi sikutazama barabara. Nilitazama geji ya joto. Gari likapanda likipiga mluzi, kona ya kwanza, kona ya pili, na mshale ukakaa katikati kama umepigiliwa. Pale lilipokuwa likifa kila mara tukapita bila hata kupunguza. Mama Mwende akaanza kuimba wimbo wa kanisani, nami sauti yangu mbaya nikaitoa yote.

Juu kabisa alisimama akashika ufunguo kuzima. Nikamshika mkono. Turbo imetoka kukimbia mbio za ajabu, nikamwambia, ukizima sasa hivi oili inaacha kuizungukia ikiwa nyekundu kwa moto. Ngoja dakika mbili, injini ipumue. Tukangoja, tukitazama mashamba yaliyokauka kule chini, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba machozi yalinilenga.

Kesho yake maziwa yalifika shuleni kabla ya chai, na kesho kutwa pia. Mwezi ukaisha. Akapita mbele ya gereji, akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Kyalo! Hiyo gasketi yangu ya mwezi ujao iko?"

"Iko, mwaitu!"

"Haya, mwezi ujao basi!"

Alirudia hivyo kila mwezi. Miaka ilipita, watu wakanunua simu za mkononi, barabara ikatiwa lami mpya, na yeye bado anatoa kichwa dirishani. Ule waya niliuteremsha. Niliita wateja mmoja mmoja, nikarudisha thamostati niliyoweza kurudisha, bure, na wengine walinitukana sawasawa, na nilistahili. Nilikwenda pia kwa Mzee Musau, nikampelekea sufuria kabisa. Alitazama kidude kikifunguka. "Mimi pia niliambiwa hivyo na aliyenifunza," akasema. Alikuwa mzee sana, na alicheka, nami nikacheka naye.

Gari lile Mama Mwende aliliuza likiwa linatembea, likiwa na gasketi ile ile. Na nilipofunga gereji kwa sababu ya magoti, nilipanda Kola na kile kifurushi cha nailoni mkononi, nikamwambia mali yake hii, nimeitunza.

Alikigeuza geuza. Hakijafunguliwa.

"Wewe ulipata ile cheti ya ufundi?" akaniuliza.

"Sikupata, mwaitu."

Akanirudishia. "Basi ni hii. Piga msumari."

Nimeipigia msumari sebuleni, juu, mahali oili haingefika hata kama ingekuwepo. Wiki iliyopita alikuja fundi mmoja kijana, mbio mbio, gari la mteja limeungua gasketi, saizi ni ile ile, na madukani hakuna. Akaiona ukutani, macho yakamtoka, akaniomba nimuuzie. Nikamuuliza kwanza kama gari hilo lina thamostati. Akaniambia aliitoa, kwa sababu ya jua.

Nikaweka sufuria jikoni, nikamwambia akae. Ile ya ukutani, nilimwambia, haiuzwi. Ni ya mwezi ujao.